Macho Yangu, Kiingereza Chake

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikikaa peke yangu kuchambua mboga huwa inanirudia yenyewe, hata sijaiita. Ilikuwa Nachingwea, miaka ile minara ya simu ndiyo kwanza inasimamishwa, alasiri yenye joto la kabla ya mvua. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikimsomea mume wangu Kiingereza ambacho mwenyewe nilikuwa sikielewi. Yeye alikielewa, lakini alikuwa haoni. Basi mimi nilitoa macho, yeye akatoa Kiingereza, tukawa tunafanya kazi ya mtu mmoja.

Ngoja nianzie nyuma kidogo ili twende pamoja.

Mume wangu aliitwa Mwalimu Bakari. Alifundisha historia shule ya sekondari. Miaka ya tisini aliponioa kutoka kwetu Chinongwe, nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nimezoea jembe, ufuta na mikorosho. Yeye alikuwa kijana wa kwenda na gazeti kwapani. Magazeti yalikuwa yanatufikia yamechelewa, barabara ikikatika ndiyo kabisa, lakini likifika, watu walikaa nje ya duka wakimngoja Mwalimu awasomee. Alikuwa na sauti nzuri. Alisoma taratibu, mpaka tangazo la mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Mimi nilipita pale na ndoo yangu kichwani nikipunguza mwendo makusudi, na nadhani yeye alijua.

Kisha macho yake yakaanza kusumbua. Mwanzoni alisema ni vumbi la chaki. Baadaye akawa anagonga kizingiti, anamwaga chai pembeni ya kikombe, anamsalimia mtu aliyekwisha kupita. Tulipofika hospitali kubwa, daktari alimmulika kwa muda mrefu, akatuambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Tulipanda basi kurudi kusini. Alinishika mkono njia nzima, mtu ambaye hakuwa na desturi ya kunishika mkono mbele za watu.

Mkuu wa shule yao alikuwa mtu muungwana, simsemi vibaya. Alikuja nyumbani, akakaa, akanywa uji wetu, ndipo akasema.

"Mwalimu, darasani unaweza. Wanafunzi wanakupenda na kichwani unalo somo lote. Lakini azimio la kazi na maandalio ya masomo lazima uyaandike na uyasome mwenyewe kama walimu wengine. Mkaguzi akija, mimi nitamwonyesha nini?"

"Mke wangu ananisaidia," Mwalimu akajibu.

"Mama Hawa ana shamba na watoto. Na siwezi kuweka watu wawili kwenye nafasi moja. Tusubiri shule zifunguliwe Januari. Ikishindikana, tutaandika ustaafu kwa sababu ya afya."

Alipoondoka, Mwalimu alikaa palepale kwenye kiti mpaka uji wake ukaganda. Hakuwa amefika hata umri wa kuota mvi.

Aliyetupa njia alikuwa rafiki yake, Mwalimu Anjelo. Huyu alikuwa Mmakonde, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, na alikuwa akifundisha chuoni. Kompyuta alizipenda kama watu wengine wanavyopenda mpira. Chuo kilipopata mashine mpya, Anjelo aliomba moja kuukuu, akaileta kwetu juu ya baiskeli, imefungwa kwa mpira na kufunikwa kanga kama mgonjwa anayepelekwa zahanati.

Akatueleza kwamba ziko programu zinazoweza kusoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo cha kompyuta. Zile za kununua zilikuwa ghali, lakini ipo ya bure, inayotumika kwenye mfumo usio na picha wala mapambo. Ukiwasha unaona kioo cheusi na maandishi meupe tu. Unachotaka unakiandika kwa maneno, yaani unatoa amri, na mashine inakujibu kwa maneno. Hakuna kuelekeza mshale kwenye kitu cha kubofya.

"Hii ndiyo inayokufaa," alimwambia Mwalimu. "Kubofya kunataka macho. Kuandika unajua tayari."

Ni kweli, alijua. Chuo cha ualimu kiliwafundisha kupiga taipu, na vidole vyake havikusahau.

Tatizo ni kwamba kabla Anjelo hajamaliza kuiweka sawa ile sauti, alihamishwa, akapelekwa Songea. Siku ya kuaga alitufundisha jambo moja tu. Ukiandika neno *man*, halafu jina la amri yoyote, mashine inakufungulia maelezo ya amri hiyo, inafanyaje kazi na ina hatari gani. Nilimuuliza kwa nini mashine inataka mwanamume kwanza ndipo itoe maelezo. Wakacheka wote wawili, Anjelo akanieleza kwamba hilo ni neno *manual*, yaani mwongozo, limekatwa.

"Mimi ninaondoka," akasema, "lakini kila nililowajulisha limeandikwa humu, na mengine yapo kwenye mtandao. Anatakiwa mtu wa kusoma tu."

Mtu wa kusoma nilikuwa mimi.

Basi tukaanza. Asubuhi nilifanya kazi za nyumba, mchana nikakaa naye. Yeye aliandika amri, ukurasa ukafunguka, nikasoma. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba la shule ya kijijini, na nilisoma kila herufi kama ilivyoandikwa, kwa matamshi ya Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe chenye lafudhi ya Kimwera, lugha ya kwetu. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza, akalitengeneza neno mdomoni mwake mpaka likawa Kiingereza. Nikisema "filesi," yeye anasema "fails," kisha ananiambia, "Sawa, ni mafaili. Endelea."

Nilijifunza njia za mle ndani. Kitufe kirefu cha chini kinakupeleka ukurasa unaofuata. Herufi b inakurudisha. Alama ya mkwaju ukiiandika na neno mbele yake, mashine inalitafuta neno hilo, na herufi n inakupeleka linapotokea tena. Herufi q inakutoa nje. Usinicheke, mwanangu, lakini siku niliyojua kutoka bila kuzima mashine nilijiona nimeshika nchi.

Kiangazi kile chote tulikuwa tukiyaingiza masomo yake kwenye mashine. Karatasi zake za zamani mchwa walikuwa wameanza kuzionja, hivyo nilimsomea zilizosalia naye akapiga taipu, na zilizoliwa akazijaza kutoka kichwani. Ikawa kazi ya historia ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Alikuwa na furaha kiasi cha kuanza tena kunyoa ndevu kila asubuhi.

Sasa ndiyo tufike kwenye ile alasiri.

Anjelo alikuwa ametutumia kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili, kipya, kitupu. Mwalimu akataka masomo yote yanakiliwe humo, mashine ikifa yasife nayo. Ilikuwepo amri ya kulinganisha sehemu mbili, ili kilichopo huku kiwepo na kule. Akafungua maelezo yake, nami nikaanza kusoma. Yalikuwa marefu. Nilikuwa nasoma pole pole kwenye kipengele kinachosema kwamba pande mbili zitafanana kabisa, ndipo Mwalimu akasema, "Inatosha, nimeelewa."

"Haijaisha, baba Hawa. Kuna mistari mingine."

"Nimeelewa. Toka humo niandike."

Nikatoka. Akaandika haraka, vidole vikaruka, akabonyeza. Mashine ikatoa mistari mingi mmoja baada ya mwingine, majina ya mafaili tuliyoyaandika sisi wenyewe, na kila jina mbele yake lina neno lilelile la Kiingereza. Nikamsomea hilo neno. Rangi ya uso wake ikabadilika.

Mstari ambao sikuwahi kumsomea ulikuwa unasema kwamba upande unaotajwa kwanza ndio unaofuatwa, na kisichokuwepo upande wa kwanza kitafutwa upande wa pili. Mwalimu alikuwa ametaja kwanza kile kifaa kitupu. Mashine ikatii. Ikafanya pande zote mbili ziwe tupu.

"Kwa nini hukuniambia?" akapaza sauti.

"Nilikuwa bado nasoma."

"Ungeniambia!"

"Nilikuwa bado nasoma, baba Hawa."

Alisukuma meza, akaenda kulala akiwa amegeukia ukuta. Mimi nilibaki nimekaa na kile kioo cheusi, machozi yananitoka. Nililia kwa uchungu wa kazi iliyopotea, na zaidi kwa sababu katika miaka yetu yote alikuwa hajawahi kunipazia sauti namna ile.

Mama yake tulikuwa tukiishi naye. Alitoka Ruponda, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na Kiswahili alikitumia anapolazimika tu. Alikuwa kibarazani akipepeta, na alikuwa amesikia yote. Alikung'uta ungo, akaingia chumbani, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Aliongea naye Kimwera kwanza, kisha akageuza Kiswahili, nafikiri alitaka na mimi nisikie vizuri.

"Macho Mungu amekuchukulia. Masikio amekuachia. Mbona huyatumii?"

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwenzako alikuwa anasema, wewe ukaondoka. Huyu amelima, amepika, amekuja kukaa na wewe kusoma maneno ya watu asiyoyajua. Angekuwa mwanafunzi wako amekukatiza katikati, ungemfanya nini?"

"Ningemtoa nje," Mwalimu akajibu ukutani.

"Basi toka nje. Ukirudi, umsikilize mpaka anyamaze mwenyewe."

Na kweli akainuka, mtu mzima na cheo chake, akapapasa ukuta mpaka nje, akakaa uani juani. Mama mkwe akarudi kwenye ungo wake. Baada ya muda Mwalimu akaja, akatafuta bega langu kwa mkono, akaniambia, "Mama Hawa, nisamehe. Nisomee tena ule ukurasa. Kuanzia juu." Nikamsomea wote, mpaka chini kabisa palipoandikwa majina ya waliouandika. Hakunikatiza hata mara moja.

Yaliyofutika hayakurudi. Tukaanza upya na vile vipande vya karatasi, huku Januari inasogea na mashine bado bubu. Mwalimu akasema tuache masomo kwanza, tuitafute sauti, kwani bila sauti hata tukiandika yote atayasomaje?

Maelezo ya ile programu ya kuzungumza yalikuwa kwenye mtandao. Tuliiunganisha simu na kompyuta kwa waya, tukaweka vocha, na kuna programu ya kusomea mtandao kwa maandishi matupu palepale kwenye kioo cheusi. Hata kama ukurasa una picha, huku kwetu ulifika maneno tu, na kwa mtandao ule wa kusuasua, ilikuwa afadhali hivyo. Dirisha la upande wa mnara ndilo lilishika vizuri, tukahamishia meza hapo.

Mtandao ulinichanganya kuliko ile miongozo ya ndani. Katika ukurasa mna maneno mengine yana rangi tofauti, ukiyafikia kwa kitufe cha mshale na kubonyeza Enta, unaingizwa ukurasa mwingine, na huo nao una milango yake. Siku ya kwanza niliingia huku nikatokea kule mpaka nikajikuta nasoma habari za mashine ambazo hata si kama yetu. Mwalimu akaniuliza tuko wapi, nikashindwa kumjibu. Zamani angefoka. Siku hiyo alisema tu, "Tumepotea, si kitu. Bonyeza mshale wa kushoto turudi tulikotoka. Na kuanzia leo kabla hujaingia popote, nisomee kichwa cha ukurasa, halafu vichwa vidogo vyote. Nitauchora kichwani."

Akauchora kweli. Ikafika mahali nikawa ninasoma, naye ananiambia, "Hapo pana kipengele cha kuweka programu, chini yake matatizo ya mara kwa mara. Shuka." Nikishuka, nakikuta. Haoni, lakini mle ndani alinitembeza kama mtu anayenionyesha shamba lao.

Tulijaribu mengi. Kila siku tunasoma, anaandika, tunangoja. Spika kimya. Programu inasema imewaka, haina kosa lolote, na haitoi hata mkwaruzo. Watoto walishazoea kutuona tumetega masikio mbele ya boksi lisilosema. Mwalimu akaanza kukonda. Nilimjua. Alikuwa akifikiria siku atakayoambiwa asiende tena shule.

Kisha asubuhi moja nilikuwa kwenye ule ukurasa wa matatizo ya mara kwa mara. Tulishaupita, lakini alitaka nimsomee upya wote bila kuruka, hata pale tulipodhani hapatuhusu. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, ninapaza sauti. Nikasoma sentensi fupi yenye neno jipya.

"Mu-te-di," nikasema.

"Nini?"

"Mutedi."

"Hakuna neno kama hilo. Jaribu tena."

"Baba Hawa, ndivyo lilivyo. Mutedi."

"Nipe herufi moja moja."

Nikampa. Em, yu, ti, i, di. Midomo yake ikacheza. Ghafla akapiga meza kwa kiganja, akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu siku ya daktari.

"Imezibwa mdomo! Mama Hawa, sauti inakuja ikiwa imezibwa mdomo tangu inapowekwa! Mpaka mtu mwenyewe aifungulie! Soma, soma, wanasema inafunguliwaje?"

Nikasoma amri ya kuifungulia. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya vitufe, lakini hakuandika. Aliningoja. Nikamaliza sentensi, nikamaliza aya, nikamwambia, "Sasa imeisha." Ndipo akaandika.

Ikatoka sauti kama ya mtu mwenye mafua aliyefungiwa ndani ya debe. Ilikuwa ikisoma maandishi ya kwenye kioo. Mwalimu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mama mkwe alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akachungulia nyuma ya meza, akauliza, "Mzungu gani huyo mmemwingiza ndani?"

Tulicheka mpaka watoto wakaja kutazama.

Januari Mwalimu alikwenda shule na maandalio yake ya wiki ya kwanza. Mkuu wa shule alikuja nyumbani mwenyewe kuona. Mwalimu akaiamuru mashine isome, nayo ikasoma Kiswahili kwa lafudhi yake ya ajabu, na kila ilipokosea Mwalimu aliisimamisha, akarekebisha neno, akaendelea. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Habari ya ustaafu hakuitaja tena. Akaomba uji.

Baada ya hapo mimi nikapata nafasi ya kwenda Chinongwe kupanda, kazi niliyokuwa nimeiweka kando. Niliporudi siku moja jioni, kabla sijatua mzigo, nikasikia ile sauti ya debe ndani. Ilikuwa inasoma ukurasa wa mtandao, maelezo ya programu fulani, na Mwalimu anabonyeza mwenyewe, anashuka, anaingia, anarudi. Nilisimama mlangoni na fuko langu la mihogo. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Na hapohapo nikaona kigoda changu cha kusomea kimesogezwa pembeni, na juu yake pamewekwa kikapu cha nguo.

Alizijua hatua zangu. Akainyamazisha mashine.

"Mama Hawa, karibu. Njoo ukae. Kuna hapa huyu anasoma harakaharaka, simpati vizuri. Hebu nisomee wewe."

Nilijua kabisa alikuwa anampata. Nikaondoa kikapu, nikakaa, nikamsomea.

Tukaendelea hivyo miaka mingi. Alifundisha Nachingwea, kisha Ruangwa tulipohamia ili niwe karibu na shamba, mpaka alipostaafu kwa umri wake kama watu wengine. Kazi zake alisomewa na mashine. Lakini kila alipopata ukurasa mgeni aliniita, hata kama nina unga mikononi. Kiingereza nikakijua kwa njia hiyo, kidogo kidogo, ila neno lile mpaka anafariki tuliliita mutedi.

Mwanangu, leo unauliza simu swali nayo inakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sikukatazi, dunia ni yenu. Ila ukipewa jambo la kufanya kwa mkono wako, jambo linaloweza kuharibu kazi ya mtu, fungua maelezo yake uyasome mpaka yanapoishia. Usiondoke katikati kwa sababu umeona mwanga kidogo. Neno usilolijua lisome herufi moja moja, usione haya, huenda ndilo ulilokuwa ukilitafuta. Ukipotea humo ndani rudi ulikotoka, utazame kichwa cha ukurasa, uanze tena. Na anayekusomea, awe mke, mume, mtoto au mgeni, mwache amalize. Nimeishi na mtu aliyejifunza hilo kwa gharama ya kiangazi kizima, na baada ya hapo sikuwahi kukatizwa tena nyumbani kwangu.

Nenda kwa amani. Mungu akulindie macho yako yakufikishe uzeeni, na yakichoka mapema, akupe mtu wa kukaa kando yako asiyeruka mstari.